Sungura wa Sikio Jekundu

9 Novemba 1958

Upepo umegeuka leo, unatoka mashariki na una harufu ya vumbi lililolowa mahali fulani. Mvua bado. Ningekuwa kwetu Maneromango ningekuwa na mtu wa kumwambia, "Nusa." Hapa nimewaambia sungura.

Naandika kwa sababu nimechoka kuyazungusha maneno kichwani. Shule niliishia darasa la tatu, kisha nikaenda kukata mkonge Morogoro, kisha genge la reli, tukitengeneza njia kutoka Dodoma mpaka huku. Mgongo ulipokataa kuinua mataruma, reli waliniacha Tabora. Mke wangu Mwamini alichoka kunisubiri akaolewa huko Msanga. Simlaumu.

Sasa nalisha sungura wa Daktari Pritchard. Wanakaa katika tembe la zamani nje ya mji, kwenye barabara ya misafara. Wanasema Mwarabu fulani aliweka pembe za ndovu humu. Kuta ni nene, ndani kuna baridi kama kisimani. Mimi nalala kwenye stoo ya pembeni. Sungura wananisikia nikikohoa, nami nawasikia wakitafuna.

11 Novemba

Joto. Nimekata majani ya viazi mpaka mkono umevimba.

16 Novemba

Leo niandike juu ya Ngollo, maana bila yeye ningekuwa nimesahau kusema.

Ni Mnyamwezi, kwao Goweko. Huku anachota maji ya hospitali ya misheni na kuyaleta mpaka hapa kwa mkokoteni wa punda. Alibatizwa Ambrosi, lakini hilo jina hutumiwa na padri tu. Siku ya kwanza aliponiona mlangoni aliuliza, "Wewe kabila gani?" Nikamwambia Mzaramo. Akatua ndoo, akacheka mpaka punda akageuka.

"Mtani! Nani amekuamsha ukafika mpaka huku?"

Wazee wake walibeba pembe mpaka pwani, wakapita kwetu, wakagombana na wazee wetu kwa kuku na maji. Ugomvi ule uliisha ukawa utani, na utani haujaisha. Basi kila asubuhi ananitukana.

"Mzaramo, umekwisha lima? Au bado unalima ukiwa umelala?"

"Mbeba mizigo, shingo yako iko wapi? Babu yako aliizika Bagamoyo?"

"Babu yangu alipita kwenu akidhani nyote mmekufa, kumbe mnapumzika."

Leo nilikuwa na homa, sikujibu vizuri. Akaniangalia, akasema, "Usife hapa. Ukifa ni mimi nitakayekuzika, huna mwingine. Nitaingia kaburini mwako nilale mle, nisitoke mpaka ndugu zako watoke Uzaramo kunilipa. Na kwa uvivu wao nitaota magugu."

Alipoondoka nikaona ameacha michembe imefungwa kwenye jani. Viazi vikavu vya kwao. Nilivichemsha nikala. Homa imeshuka.

20 Novemba

Nimejua kwa nini Ngollo amekonda. Anaharisha damu, mwaka wa tatu huu. Wamemchoma sindano za amiba mpaka makalio yakawa magumu, haikusaidia. Daktari amepima choo chake mara nyingi, hakuona mdudu wa aina yoyote. Ndiyo maana Daktari anamshika kama yai. Anasema huu ni ugonjwa wa utumbo mpana usioletwa na mdudu, na tangu aje nchi hii hajauona kwa mtu mwingine.

Anampa vidonge vya manjano. Ngollo anavichukia kwa sababu mkojo unakuwa wa rangi ya machungwa.

"Nakojoa kama soda ya Mhindi," aliniambia. Lakini damu imepungua, na wiki hii amebeba ndoo mbili kwa pamoja.

24 Novemba

Kazi imeanza. Wenceslaus, msaidizi wa maabara, ndiye anayechoma sindano, mimi nashika. Ni kijana wa Bukoba, aliacha seminari ya Kipalapala, na viatu vyake havijui vumbi. Hapendi kuniambia jambo mara mbili.

Sungura wa upande wa kulia wanachomwa ute wa yai, nao wanapakwa rangi nyekundu sikioni. Wa upande wa kushoto wanachomwa maji ya chumvi tu, sikio la buluu. Nikauliza yai linawaumiza nini. Akakunja uso, kisha akaona afadhali aeleze.

"Haliwaumizi. Hivi sasa wote ni wazima, na watabaki wazima. Mwili una mbwa walinzi, sawa? Tunawaonyesha mbwa ute wa yai mara kwa mara, wauchukie. Baada ya Mwaka Mpya Daktari atawachubua utumbo kidogo, wote, wekundu na wa buluu, kwa dawa ya kupitisha nyuma. Kisha atawatia ute wa yai kwenye mshipa. Tunataka kuona kama mbwa wa wale wekundu watakimbilia pale penye mchubuko na kuanza kumuuma mwenye nyumba."

"Na hawa wa buluu?"

"Ni wa kulinganisha. Bila wao utajuaje kama ni mbwa au ni mchubuko tu?"

Nikaelewa kuliko alivyodhani nitaelewa, au labda nimefurahi tu kwamba mtu amezungumza nami muda mrefu hivyo.

30 Novemba

Mvua ya kwanza. Paa la tembe linavuja juu ya kitanda changu, si juu ya sungura.

4 Desemba

Ngollo aliingia na maji akasimama mbele ya vizimba. Akauliza kwa nini hawa wamepakwa masikio kama maharusi.

Nikamwambia, "Hawa wekundu ni ndugu zako. Daktari amewapa ugonjwa wako, wanaharisha damu usiku kucha. Nimechoka kufua matandiko ya Wanyamwezi."

Nilingoja anijibu. Aliinama akamtazama mmoja, dume kubwa la kijivu, muda mrefu.

"Kweli?" akasema.

"Kweli tupu. Yule mkubwa ndiye babu yako."

Akacheka kidogo, akaenda zake.

7 Desemba

Kumbikumbi wametoka baada ya mvua. Watu wa hapa wanawakusanya kwa mabeseni na kuimba. Nilikaa mlangoni nikitazama. Kwetu sasa hivi dafu lingekuwa jepesi kupatikana kuliko maji. Tangu nifike Tabora sijaonja tui la nazi.

13 Desemba

Sungura mmoja hayupo. Dume la kijivu la sikio jekundu. Kizimba kimefungwa vizuri tena, kwa kamba iliyofungwa fundo la wapagazi. Nikajua mara moja.

Daktari alikuja mwenyewe. Uso ulikuwa mwekundu kuliko masikio.

"Ameibiwa?"

"Hapana, Bwana Daktari. Amechukuliwa na mtani."

"Mtani ni nani?"

"Ni mtu mwenye haki ya kuchukua."

Alimgeukia Wenceslaus, Wenceslaus akaeleza kwa Kiingereza huku akitabasamu, na Daktari hakutabasamu. Akataka jina. Nikanyamaza. Mtani akichukua kuku wako unacheka, na siku yako ikifika unachukua mbuzi wake. Kumpeleka kwa wakubwa ni kumwita mwizi, na ukimwita mwizi utani umekufa kati yenu. Nina nini kingine mimi hapa?

Daktari akasema akipotea mwingine nitafute kazi kwingine. Ameweka kufuli, na ufunguo anao Wenceslaus. Sasa kila asubuhi nasimama nje na majani yangu nikimngoja kijana avae viatu.

14 Desemba

"Alikuwa mtamu?" nikamuuliza Ngollo.

"Alikuwa mgumu. Kala chakula cha Mzaramo, hajafanya kazi maishani."

Wote tukacheka. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Hakuna mwingine wa kucheka naye.

25 Desemba

Noeli. Kengele za Kipalapala zinasikika mpaka huku upepo ukiwa mzuri. Daktari ameondoka jana kwenda Nairobi kutafuta dawa na kuonana na madaktari wenzake, atarudi Februari. Wenceslaus amevaa suti. Mimi si Mkristo, siku hii hainihusu, lakini barabara ilipojaa watu waliovaa vizuri nilijikuta nimeikung'uta kofia yangu vumbi.

Hakuna aliyekuja. Mchana nimewapa sungura majani mara mbili, ili tu wanisogelee.

3 Januari 1959

Ngollo amekuja mchana, anacheka peke yake. Akaniambia nimfuate. Nyuma ya chumba chake, ndani ya tenga kuukuu, limekaa lile dume la kijivu. Zima, limenenepa, sikio bado lina rangi.

"Sikumla," akasema. "Mnadhani ni Daktari tu anayejua kujaribu? Mganga mmoja wa upande wa Nzega alinipa gome la mti, akasema litakausha tumbo langu. Nikasema, na likiniua? Nikakumbuka Daktari haanzi na watu, anaanza na sungura. Basi nimemchukua mmoja mwenye ugonjwa wangu, nikampa gome kwenye maji siku zote hizi. Tazama choo chake."

Nilitazama. Vidonge vikavu vizuri, kama vya sungura yeyote.

"Hata tone la damu," akasema. "Amepona. Nami tangu Noeli nakunywa gome, na vile vya manjano nimevitupa chooni. Mkojo wangu umerudi kuwa wa Mnyamwezi."

Alisema kwa furaha kubwa, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyevuka mto. Nikamwambia, "Ngollo, huyu hakuwahi kuumwa. Nilikutania. Wamechomwa ute wa yai tu, ugonjwa hawajapewa bado."

Akanipiga bega. "Mzaramo ana wivu. Umeona nimekuwa daktari unataka kunishusha."

4 Januari

Nimemwambia tena. Amejibu kwamba babu yangu naye aliwaambia wapagazi mto una mamba, ili wamwachie mzigo.

Hivi ndivyo nilivyojifunga. Tangu tujuane sijawahi kumwambia neno la kweli bila kulipaka tusi, wala yeye mimi. Siku niliyomdanganya kwa mchezo aliniamini. Sasa nasema kweli, na yeye anasikia mchezo.

6 Januari

Nilimwomba Wenceslaus azungumze naye. Yeye si mtani, ni mtu wa kusoma. Hakutaka, akasema kuwafuata wagonjwa majumbani si kazi yake. Mwishowe alikwenda. Alirudi baada ya muda mfupi, amekasirika.

"Kaniuliza umenilipa nini. Anasema Wazaramo sasa wanakodi Wahaya wawatukanie."

9 Januari

Nimevaa kanzu yangu ya Idi. Nimekwenda kwake, nikasimama mlangoni, nikavua kofia.

"Mzee Ngollo, shikamoo."

Alinikodolea macho. Kisha akaanza kucheka, akashika ukuta, akamwita jirani aje aone, akasema tangu azaliwe hajapata kuona utani mzuri namna hii. Jirani naye akacheka. Nilirudia shikamoo, nikamwambia nimekuja kama mtu na mtu, si kama mtani. Machozi yalimtoka kwa kicheko. Mara akajishika tumbo, akakimbia chooni. Alikaa huko muda mrefu.

Alipotoka alikuwa na jasho juu ya midomo. "Ni gome," akasema. "Linasukuma uchafu wa mwisho."

Nikarudi na kanzu yangu. Mvua ilinikuta njiani.

11 Januari

Leo nimefikiri kama Wenceslaus. Nimemwomba ufunguo, nikamwita Ngollo tembeni, nikamwonyesha wote wenye masikio mekundu, mmoja mmoja, na choo chao.

"Hawa hawajaonja gome lako. Angalia. Wazima wote. Kama gome ndilo lililomponya yule, hawa wamepona kwa nini?"

Alitazama kizimba baada ya kizimba. Safari hii hakucheka, nikadhani nimefika. Akaingiza kidole, akasugua sikio la mmoja, akatazama kidole chake. Kilikuwa na rangi kidogo; Wenceslaus alikuwa amewapaka upya juzi.

"Mbichi," akasema. "Umewapaka wazima rangi leo asubuhi, Mzaramo wewe. Kwa kazi yote hii ungeweza kulima shamba."

15 Januari

Ngollo ameacha kazi ya maji. Mkewe Getruda amekuja kumchukua kwa treni waende Goweko wakapalilie karanga. Nilikwenda stesheni. Suruali yake imefungwa kwa kamba ya katani, na tenga la sungura liko miguuni.

Nilimwambia Getruda pembeni kwamba mumewe arudi kwenye vidonge. Akatabasamu kwa adabu. "Amenionya kuwa utasema hivyo, mtani."

Treni ikaondoka kuelekea mashariki. Huko ndiko kwetu pia. Nilibaki nimesimama mpaka mlinzi akaniuliza nangoja nini.

20 Januari

Maji sasa analeta mtu mwingine. Anasema "Habari za asubuhi," anamimina, anaondoka.

28 Januari

Mvua siku zote hizi. Uyoga umeota kwenye ukuta wa tembe.

6 Februari

Daktari amerudi juzi na leo ameifanya kazi yenyewe. Niliwashika wote, wekundu na wa buluu. Mpira mwembamba unapitishwa nyuma, dawa kidogo, kisha sindano ya ute wa yai kwenye mshipa wa sikio. Wanatetemeka lakini hawalii. Mikono yangu inanuka.

9 Februari

Wa buluu wanakula. Wekundu wamejikunyata pembeni, manyoya yamesimama. Damu kwenye nyasi, damu na ute. Hawagusi majani. Mmoja amekufa alfajiri. Daktari alimpasua, akaniita nami nitazame: utumbo umevimba, mwekundu, umejaa vidonda kama ukurutu, na ni mahali pale tu palipochubuliwa. Daktari alikuwa anasema haraka haraka na Wenceslaus, macho yanang'aa. Mbwa wamemuuma mwenye nyumba. Ni kweli basi.

Mimi nilikuwa naona tumbo la Ngollo.

Nikasema, "Bwana Daktari, aliyemchukua sungura ni Ngollo." Nikasema yote: rangi, mzaha wangu, gome, vidonge vilivyotupwa chooni. Kalamu yake ilisimama. Sikuwahi kumwona akikaa. Leo alikaa juu ya sanduku la majani.

"Kwa nini hukunipa jina mwezi wa Desemba?"

Nilikuwa nalo jibu, lakini mbele ya yule sungura aliyepasuliwa halikuwa na uzito wowote.

Hakunifukuza. Amenipa chupa ya vidonge vya manjano na barua kwa bwana stesheni. Niende kesho, nimlete Ngollo kwa treni ya kurudi. "Mwambie nimesema mimi," akasema, kisha akatikisa kichwa. "Mwambie lolote atakaloamini."

11 Februari, Goweko

Nilifika jana mchana. Mvua imejaza kila shimo, mahindi yamesimama ndani ya maji. Nyumba ya Ngollo iko nje kidogo ya stesheni. Getruda alinipokea bila kutabasamu.

Amelala kwenye ngozi karibu na moto. Sikumtambua. Macho yamekuwa makubwa, mikono kama ya mtoto, na harufu ile naijua sasa. Sungura yuko pembeni kwenye tenga, anatafuna.

"Mzaramo," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Umefuata nini, harusi? Huku watu wanalima, utaugua."

Nilikaa chini. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, na kila neno nililopanga nilikuwa nimekwisha kulitumia. Nikanyamaza. Akanichokoza tena: babu yangu, uvivu wetu, kanzu yangu ya Idi. Sikujibu. Nilitoa chupa nikaiweka juu ya ngozi kati yetu.

Moto ulikuwa unatoa moshi. Getruda alisimama mlangoni. Ngollo alinitazama muda mrefu, kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Hunitukani," akasema.

Nikatikisa kichwa.

"Basi ni kweli." Akamgeukia yule sungura. "Huyu hakuwahi kuumwa."

"Hakuwahi."

Akafumba macho. "Nipe hivyo vya soda ya Mhindi."

Getruda alimwinua, nikampa maji. Alimeza. Nikamwambia kesho treni, na Daktari anamngoja. Akasema sawa.

Leo asubuhi nimekwenda stesheni na barua. Treni kutoka Dodoma haitafika. Maji yamechukua tuta la reli huko Ugogo, na simu inasema huenda wiki nzima. Nilifanya kazi kwenye tuta lile. Najua wiki ya reli ni ndefu kiasi gani.

13 Februari

Jana hatukungoja. Shemeji zake wawili na jirani mmoja walifunga blanketi kwenye mti wa mninga, wakafanya machela. Tungempeleka Tabora kwa njia ya zamani, ile ya misafara, maana ndiyo yenye mwinuko. Walitaka wa nne. Mgongo wangu wanaujua, nilikuwa nimewaambia. Nikaingia chini ya mti hata hivyo.

Ngollo alifumbua macho alipoona bega ni la nani.

"Simameni," akasema. Tukasimama. "Getruda, njoo ushuhudie. Mzaramo amebeba mzigo. Amembeba Mnyamwezi." Alipumua. "Babu yangu angeona hili angetua pembe."

"Mnyamwezi mwenyewe ni mwepesi," nikasema. "Pembe ingekuwa na faida."

Wale wengine walicheka. Naye midomo ilicheka. Nilikuwa nimelipata tena lile tusi, nikashukuru.

Tulikwenda vizuri mpaka adhuhuri. Njia ni nyembamba, miyombo pande zote, majani yanadondosha maji hata mvua ikiwa imekata. Tulipofika kwenye mbuga hatukuiona mbuga. Ilikuwa ziwa, rangi ya chai, na miti imesimama ndani mpaka kiunoni. Jirani aliingia kupima akarudi maji yakiwa kifuani. Tukatua machela mahali pakavu.

Ngollo aliuliza kuna nini.

"Mto una mamba," nikasema.

Alinitazama kama anayepima. "Basi tuache mzigo hapa," akasema.

Hakusema tena. Tumbo lilikuwa limevimba gumu kama ngoma, na jasho lake lilikuwa baridi. Nilimshika mkono. Maji ya mbuga hayakupungua. Kabla ya alasiri alikuwa ameondoka, sisi wanne tumekaa kumzunguka, hakuna aliyejua nani aanze kulia mbele ya nani.

Tukambeba kurudi. Mgongo wangu sikuusikia.

14 Februari

Tumemzika leo nyuma ya nyumba, mahali palipoinuka. Katekista alisoma, watu wakaimba. Kaburi lilikuwa linaingia maji, wachimbaji wanayatoa kwa kata. Walipotaka kushusha mwili wote walinitazama. Mimi ndiye mtani pekee aliyekuwepo.

Nikavua viatu, nikaruka ndani, nikalala. Maji yaliingia masikioni. Katekista akasema, "Jamani, hapana," lakini wazee walimshika mkono.

"Sitoki," nikasema. "Huyu ameniibia. Nirudishiwe sungura wangu."

Kicheko kikapita juu yangu, kile cha msibani, kinachoanza puani. Mzee mmoja akapiga kelele, "Mzaramo amepata kitanda, hatoki huyo." Getruda alikwenda ndani. Akarudi na dume la kijivu, amelishika masikio kama inavyopaswa, akaliweka ukingoni. Lilikuwa limelowa kidogo na lina afya tele.

Nikakaa mle kaburini. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Ndugu zangu, sungura huyu hakuwahi kuumwa. Hata siku moja. Gome halikumponya kitu. Aliyemwambia ndugu yenu kuwa anaumwa ni mimi, kwa mchezo."

Walicheka zaidi. Wanawake waliokuwa wakilia walicheka huku wakilia. Yule mzee akasema, "Mwangalieni, hata kaburini Mzaramo hasemi kweli." Wakanipa mkono wakanivuta nje. Getruda peke yake hakucheka. Alinipangusa udongo mgongoni kwa kanga yake, akasema taratibu, "Toka, mtani. Mwache alale."

23 Februari, Tabora

Reli imefunguka. Nimerudi na sungura kwenye tenga. Abiria mmoja aliuliza kama namuuza.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaishika tu. Akaniuliza kama marehemu alikuwa rafiki yangu. Nikamwambia hapana, alikuwa mtani wangu. Nadhani sasa anajua kwamba si neno moja. Wekundu wote wamekwisha pasuliwa, wa buluu pia. Huyu hafai tena kwa kazi, ameniambia nikae naye.

Kufuli limeondolewa. Hakuna cha kufungia.

2 Machi

Mvua imepungua. Mtu wa maji amesikia habari, amesema pole sana, Mzee Kondo. Wenceslaus ameniletea chai kwa mkono wake, na kwenye viatu vyake palikuwa na tope, ameniamkia. Daktari amesema pole kwa Kiswahili. Watu wote ni wema na wananiheshimu.

Jioni nilikata majani ya viazi nikampelekea dume. Rangi ya sikioni imebaki kidogo tu.

"Mbeba mizigo wewe," nikamwambia. "Shingo yako iko wapi?"

Akatikisa sikio, akaendelea kula.